Kabla ya Kumlaumu Mwanafunzi, Tazama Upawa

Muulize mwanafunzi yeyote kama kumwaga chakula ni jambo jema. Atakujibu hapana, tena bila kusita, na huenda akaongeza kwamba huona uchungu akikumbuka kuna watu wanaolala na njaa. Kisha mngojee bwaloni mchana. Utamwona anakuja na sahani ambayo nusu yake bado imejaa, anaikung'uta kwa kijiko juu ya ndoo ya makombo, mara mbili, tatu, anaiweka juu ya rundo la vyombo, anaondoka. Si mnafiki huyo. Jibu alilokupa asubuhi lilikuwa la kweli, na alichokifanya mchana kilikuwa cha kweli pia.

Sisi watu wazima, walimu, wazazi na waandishi wa makala kama hii, tumezoea kuliziba pengo hilo kwa mawaidha. Tunabandika mabango ukutani. Tunasimama mbele ya paredi kukemea. Tunaambiana kwamba vijana wa siku hizi hawajui thamani ya chakula kwa kuwa hawajawahi kukikosa. Nabishana na wazo hilo kwa moyo wote, kwa sababu naamini linatupotezea miaka na linawaonea watoto. Wanafunzi wengi tayari wanaamini kile tunachotaka waamini. Sehemu kubwa ya kinachoishia ndooni huwa imeshaamuliwa na watu wengine, kabla kijana hajashika kijiko: upawa una ukubwa gani, foleni ni ndefu kiasi gani, kengele inalia saa ngapi, chakula kimekaa chunguni tangu lini.

Pengo kati ya neno na tendo si jambo geni kwa wataalamu. Mwaka 1934 mwanasosholojia Mmarekani, Richard LaPiere, alichapisha matokeo ya safari ndefu aliyoifanya nchini Marekani akiwa na mwanafunzi kijana wa Kichina na mkewe, wakati chuki dhidi ya Wachina nchini humo ilikuwa haifichwi. Katika hoteli na migahawa takriban 250 waliyopita, walikataliwa mara moja tu. Baadaye LaPiere akaziandikia sehemu hizo barua akiuliza kama zingewapokea wateja Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Mdomo ulisema lake, mikono ilikuwa imeshafanya lake. Bwaloni mambo ni yaleyale, ila yamegeuzwa: mdomo ni mwema, mikono inamwaga.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, walisema wahenga. Nimeisikia methali hiyo ikitumiwa kuwasuta wanafunzi, na kila mara najiuliza kama imetumiwa kwa haki. Inamtwisha mtu mmoja mzigo wote, kana kwamba kati ya nia yake na kitendo chake hakuna kitu kingine kilichosimama. Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia aliyoieleza kwa kirefu mwaka 1991, ambayo watafiti wengi wa suala hili la wanafunzi na chakula wameitegemea, alitaja mambo matatu yanayojenga nia ya mtu. La kwanza ni mtazamo wake mwenyewe juu ya jambo. La pili ni kile anachodhani watu wake wa karibu wanakitarajia. La tatu ni jinsi anavyouona uwezo wake wa kulitenda. Mabango yetu yote yanapiga hodi kwenye mlango wa kwanza, ambao kwa wanafunzi wengi uko wazi siku nyingi. Huo wa tatu tumeuacha umefungwa kwa nje.

Ukubwa wa tatizo lenyewe haupingiki. UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia walaji. Hapo hakijahesabiwa kile kinachopotea mashambani, maghalani na njiani kabla ya kufika sokoni. Asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa majumbani. Asilimia 28 kilitupwa na wanaowahudumia watu chakula, yaani migahawa, hoteli, kantini na mabwalo. Wakati huohuo watu milioni 783 walikuwa na njaa. Mwanafunzi anakula katika sehemu zote mbili hizo: leo bwaloni, kesho chumbani kwake alikojipikia. Ndiyo maana tabia yake ina uzito. Lakini sehemu hizo mbili hazifanani hata kidogo, na kosa letu kubwa ni kuzihubiria mahubiri mamoja.

Tuanze na bwalo, ambako mwanafunzi ana mamlaka madogo kuliko tunavyopenda kukiri.

Upawa ni mmoja. Anayepakua hupakua kiasi kilekile kwa kijana mwenye mwili mkubwa aliyetoka uwanjani na kwa binti mdogo ambaye leo kichwa kinamuuma. Ukipenda kuuita usawa, uite, lakini tumbo halijui usawa wa aina hiyo. Anayetaka kidogo hana nafasi ya kusema, kwa kuwa foleni nyuma yake inasukuma na mpakuaji hana muda wa kusikiliza. Na hata nafasi ikiwepo, atafikiria mara mbili: akiomba kidogo sasa kisha akasikia njaa, je, ataruhusiwa kurudi? Kama hana uhakika, akili inamwelekeza kuchukua kingi. Hayo ni mahesabu ya mtu mwenye busara anayejikinga na njaa ya saa kumi jioni.

Pale ambapo mtu hujipakulia mwenyewe, kinachomchochea hubadilika. Anafika akiwa na njaa, na mtu mwenye njaa hukadiria vibaya. Macho yanaagiza kwa niaba ya tumbo. Trei pana inamruhusu kubeba sahani tatu kwa safari moja. Watafiti wa American University jijini Washington, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, walilinganisha siku zenye trei na siku zisizo na trei katika bwalo la chuo, wakakuta kwamba trei zikiondolewa makombo hupungua kwa asilimia 32. Mwaka uliofuata watafiti wa Norway walichapisha jaribio lililofanyika kwenye mahoteli. Kupunguza ukubwa wa sahani kulipunguza makombo kwa karibu asilimia 20. Kuweka kibao kidogo kinachowaambia wageni kwamba wanakaribishwa kurudi kuchukua tena na tena kulileta takriban matokeo hayohayo.

Kibao hicho kinanivutia kuliko sahani. Hakikumkemea mtu wala hakikutaja njaa ya dunia. Kilimwondolea mlaji hofu ya kukosa, basi. Na hakuna mtazamo wa mtu uliobadilishwa katika majaribio yote hayo mawili: walewale, wenye imani zilezile, walimwaga kidogo zaidi kwa sababu meza ilipangwa vingine.

Halafu kuna muda, na hapa ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu ni jambo linaloonekana kwa macho na bado linapuuzwa. Mtoto amepewa dakika thelathini za chakula. Kumi na tano zinaishia kwenye foleni na kunawa mikono. Anakaa, anakula haraka, kengele inalia, anamwaga kilichobaki kwa sababu akichelewa ataadhibiwa. Kisha tunasimama mbele yake kumweleza thamani ya chakula! Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanafunzi wakiwa mezani. Waliopata chini ya dakika 20 za kukaa na kula walikula chakula kikuu pungufu kwa asilimia 13 na mboga pungufu kwa asilimia 12, wakilinganishwa na waliopata dakika 25 au zaidi. Hata mpangilio wa ratiba una neno lake. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba watoto wa madarasa ya chini walipopelekwa kucheza kwanza ndipo wakala, badala ya kula kwanza ndipo wakacheze, chakula kilichobaki kilishuka kutoka asilimia 34.9 hadi asilimia 24.3. Mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa saikolojia kuelewa sababu. Mtoto anayesikia wenzake wanapiga kelele uwanjani hawezi kukaa akatafuna kwa utulivu, na mtoto aliyekwisha kukimbia ana njaa ya kweli.

Tukiwauliza wanafunzi wenyewe kwa nini wamebakiza, jibu litakaloturudia mara kwa mara ni kwamba chakula si kitamu. Sisi huliita jibu hilo deko. Mimi naliona ni taarifa. Chakula kilichoiva saa nne kikapakuliwa saa saba, kikiwa kimepoa na kimepondeka, ni kibaya kweli, na mtu mzima aliyepewa hicho hicho naye angekibakiza, ila yeye ana uhuru wa kwenda kula kwingine. Ipo tofauti, nakubali, kwa watoto wadogo wanaokutana na chakula kigeni kwao. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara nane, kumi au zaidi kabla hajakipenda, na katika siku hizo za mwanzo kitabaki tu. Mabaki ya namna hiyo ni gharama ya kumfundisha ulimi. Dawa yake ni kumwekea kijiko kimoja cha kuonja, si sahani nzima.

Ipo njia nyingine pia: kumruhusu mwanafunzi akatae. Mwaka 1975 Bunge la Marekani liliweka utaratibu katika mpango wa chakula cha mchana mashuleni ambao uliwaruhusu wanafunzi wa sekondari za juu kukataa baadhi ya vyakula vilivyopangwa, badala ya kupakuliwa kila kitu na kukipeleka kwenye pipa. Lengo lilikuwa kupunguza makombo. Ruhusa ya kusema "hiki sitakula" inaonekana ndogo, lakini mwanafunzi aliyechagua anakula alichokichagua.

Kinyume chake ni kumlazimisha amalize. Najua walimu wema wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa, na nawasihi waache. Utafiti mmoja wa mwaka 2006 ulikuta kwamba watoto wadogo waliokuwa wakihimizwa kumaliza supu yao walikula kidogo kuliko pale walipoachwa, na waliisema vibaya zaidi. Kwa upande mwingine, mtoto anayezoezwa kula hadi sahani iishe, hata kama ameshiba, anafundishwa kutousikiliza mwili wake. Chakula kilichoshindiliwa tumboni mwa mtu aliyeshiba hakijaokolewa.

Sasa wenzake. Mwanafunzi hali peke yake, na katika umri huo macho ya wenzake yana nguvu kuliko sauti ya mkuu wa shule. Kuna makundi ambamo kumaliza sahani yote ni dalili ya ulafi, au ya kutoka kwenye nyumba ya dhiki. Kuna makundi ambamo kusema "nipunguzie" ni kujidai. Hayo hayaandikwi popote, lakini kila anayeketi mezani anayajua. Na ndoo yenyewe inasema. Mwanafunzi anayeikuta imefurika anaona kwamba hapa ndivyo watu wafanyavyo, na bango lililo ukutani juu yake haliwezi kushindana na ushahidi huo. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1990 kwa takataka za kawaida: watu waliokuta mahali pachafu walitupa taka zaidi kuliko waliokuta pasafi.

Sisemi kwamba maneno hayana kazi. Katika bwalo la chuo kikuu kimoja nchini Marekani, watafiti waliweka ujumbe mfupi wa kuwahimiza wanafunzi wachukue watakachomaliza, na makombo yakapungua kwa asilimia 15. Hiyo ni faida ya kweli kwa gharama ya karatasi chache. Lakini walipoongeza ujumbe wa pili, wenye takwimu za makombo ya bwalo hilohilo, hapakuwa na nyongeza yoyote. Ujumbe ulimkumbusha mtu alichokuwa anakiamini tayari. Ukishamkumbusha, umemaliza, kupaza sauti hakuongezi kitu.

Kuna faraja moja ambayo naiogopa kidogo. Shule na vyuo vingi hujivunia kwamba makombo yao hayatupwi, huenda kuwa mboji au chakula cha mifugo. Ni bora kuliko jaa, ambako chakula kikioza bila hewa hutoa gesi ya methani. Hata hivyo, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 na watafiti wawili wa Marekani, Danyi Qi na Brian Roe, linatupa tahadhari: walaji walioambiwa kwamba mabaki yao yatafanywa mboji walibakiza zaidi ya walioambiwa kwamba yatakwenda jaani. Dhamiri ilipata pa kujiegemeza. Kwa hiyo mboji iwepo, lakini isitangazwe mlangoni pa bwalo kama sifa.

Nje ya bwalo, chumbani, hali inageuka kabisa, na hapa ninakubali kwamba mwanafunzi mwenyewe ana sehemu kubwa. Kijana aliyeanza kujitegemea kwa mara ya kwanza ananunua, anahifadhi na anapika bila kuwa amefundishwa hata kimoja kati ya hivyo. Ananunua furushi kubwa kwa kuwa kwa kipimo ni rahisi, ilhali anakula peke yake. Anapika sufuria ya watu wanne. Ratiba inabadilika, rafiki anamwalika, mhadhara unasogezwa hadi usiku, na chakula kinachachia juu ya jiko. Friji ni ya watu sita, hakuna anayejua cha nani ni kipi, kila mtu anaogopa kugusa, vyote vinaoza. Hajui kwamba kiporo kikiingizwa kwenye baridi ndani ya saa mbili baada ya kuiva kitamfaa kesho yake. Haoni tofauti kati ya tarehe inayosema chakula kina ubora hadi lini na ile inayosema kisiliwe tena baada ya siku fulani. Ya kwanza inahusu ladha na hali yake, ya pili inahusu usalama, naye anatupa kwa kufuata yoyote aliyoiona.

Huku mafunzo yanalipa, lakini ni mafunzo ya mikono: kupima chakula cha mtu mmoja, kupanga manunuzi ya siku tatu, kugeuza kiporo kuwa mlo mwingine. Kijana anayejua kufanya hivyo ana sababu iliyo karibu naye kuliko hali ya hewa ya dunia, nayo ni mfuko wake. Bwaloni sababu hiyo haipo. Ada imeshalipwa mwanzoni mwa muhula, na chakula kilichobakizwa hakimrudishii hata senti.

Nimewataja wanafunzi muda wote huu, na bado sijamtaja mtu wa jikoni, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyesahaulika zaidi. Mpishi hapewi idadi ya watakaokula. Anakadiria. Chakula kikipungua, kelele zote zinamwangukia yeye. Kikizidi, hakuna anayemuuliza. Ungekuwa wewe ungepika kiasi gani? Kwa hiyo sehemu ya chakula cha bwalo humwagwa kikiwa bado chunguni, bila kugusa sahani ya mwanafunzi yeyote, na mwanafunzi anayepita nyuma ya jiko jioni akaona chungu kinainamishwa juu ya pipa anajifunza somo ambalo hakuna bango litakaloweza kulifuta.

Tabia nayo hufundisha mtazamo. Mwanasaikolojia Daryl Bem, katika nadharia aliyoieleza mwaka 1972, alisema kwamba mara nyingi mtu huyajua maoni yake kwa kujitazama anavyotenda. Mwanafunzi ambaye kwa miaka minne amekung'uta nusu ya sahani kila siku, kwa sababu upawa ni mkubwa na kengele ni ya mapema, atajiona ni mtu asiyejali chakula, na mwisho atakuwa hivyo kweli. Mwenzake aliyepewa nafasi ya kuomba kidogo, akakimaliza, akarudi kuongeza, anaondoka shuleni akijijua ni mtu asiyemwaga. Ndiyo maana nasema tumeanza upande usiofaa wa kamba.

Pakianzwa upande wa pili, kazi ya kwanza ni mizani. Pima kwa wiki mbili, na pima kwa kutenganisha: kilichobaki chunguni peke yake, kilichobaki kwenye sahani peke yake, maganda na mifupa peke yake, kwa kuwa kila kimoja kina chanzo chake na dawa yake. Kisha weka karatasi karibu na ndoo, yenye maswali mafupi ya kutia alama ya vema: nilipewa kingi, sikupata muda, hakikuwa kitamu, sikuwa na njaa. Bila jina la mtu na bila mwalimu kusimama pembeni. Ikiwa wanafunzi mia wametia alama kwenye "nilipewa kingi" kila siku ya wiki, karatasi hiyo isipelekwe kwa mwalimu wa nidhamu. Ipelekwe jikoni siku ileile. Anayeshika upawa yuko hatua chache tu kutoka kwenye ndoo, na hadi leo hakuna aliyewahi kumwambia.